Maswali na majibu: Riziki, madeni na neema

Maswali ya mara hii karibu yote yanagusa mfuko. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Shikamoo Mchungaji. Nina mikopo minne ya kausha damu, ile ya riba kubwa na marejesho ya haraka, mingine nimekopa ili nilipe mingine. Mume wangu hajui. Nimeanza mfungo wa siku 21 ili Mungu afute madeni haya. Je, nitumie maandiko gani kuombea? (Mama lishe, Mbagala)

Marahaba, mama. Fungua 2 Wafalme sura ya 4. Yumo mwanamke mwenzako. Mumewe alikuwa mcha Mungu, tena mmoja wa wana wa manabii, akafa akaacha deni. Mdai amekuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Siku hizi wanabeba friji na magodoro, zamani walibeba watoto.

Mama huyu anamlilia Elisha, na Elisha hamwambii kwamba deni limefutwa. Anamuuliza: una kitu gani nyumbani? Hana kitu ila chupa ya mafuta. Anaambiwa akaazime vyombo vitupu kwa majirani wote, tena visiwe vichache. Hebu fikiria ukipita Mbagala nyumba kwa nyumba ukiomba ndoo na madumu matupu. Kufika jioni mtaa mzima ungejua kwamba kwako kuna jambo. Huyu naye alijulikana. Mafuta yalipojaa vyombo vyote, Elisha alimwambia akayauze, alipe deni, na kitakachosalia kiwe chakula chake na wanawe. Mungu angeweza kumsahaulisha yule mdai. Badala yake alimpa mama bidhaa ya kuuza, na mdai akalipwa.

Kwa hiyo mfungo usimame kwanza. Unashinda jikoni kwenye moshi, unahitaji nguvu na akili iliyotulia. Chukua daftari uandike kila mkopo ukurasa wake: ulipewa shilingi ngapi mkononi, umesharejesha ngapi, wanadai ngapi, marejesho ni siku gani. Kina mama wengi wanaijua Jumatatu ya marejesho tu, jumla hawaijui, na mkopeshaji anaishi kwa kutoijua kwao. Ukishaandika, mume aambiwe. Simjui mumeo. Kama unaogopa kipigo, usiende peke yako, nenda na mshenga wenu au mtu mzima mnayemheshimu wote wawili. Mkopo wa tano usichukue, hata kama afisa wao ni muumini mwenzako na anaongea kwa upole.

Halafu dai mikataba yako. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni. Asiyekuwa nayo, au asiyekupa karatasi yoyote, mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Huyohuyo muulize kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Huo ni mtaji wa kikundi, usiende kuulipia kausha damu. Ni wa baadaye, ukishatulia.

Na usikubali mtu akuambie deni hili ni adhabu. Ulikopa ili watoto wapate kula.

Bwana asifiwe. Naendesha bodaboda ya mtu, hesabu ninayompelekea ni elfu kumi kwa siku. Siku nikikosa wateja nikashindwa hesabu, kiongozi wetu anasema ni kwa sababu nakula zaka. Ni kweli? (Kijana, Kahama)

Si kweli. Siku ukikosa wateja ni kwa sababu mvua imeshinda ikinyesha, au pikipiki zimezidi abiria pale kijiweni, au mwezi uko kwenye tarehe mbaya.

Najua anakusomea Malaki 3:10. Mwombe akusomee pia mstari wa 5 wa sura hiyohiyo, ambapo Mungu anajitangaza shahidi dhidi ya wanaomwonea mwajiriwa katika mshahara wake, na wanaowaonea mjane na yatima. Huo sijawahi kuusikia ukisomwa wakati wa matoleo, na wenye pikipiki wamejaa viti vya mbele. Kitabu chote ni sura nne, mtu anakimaliza kabla abiria wa pili hajaja. Kisha msome Kumbukumbu la Torati 14:28-29: zaka ya mwaka wa tatu ilibaki mjini, wakala Mlawi, mgeni, yatima na mjane mpaka wakashiba. Siku ambayo hesabu imekushinda na kwako hakuna unga, wewe uko kwenye foleni ya kupokea.

Toa sadaka, kijana, tena kwa furaha, Paulo hataki itolewe kwa huzuni wala kwa lazima (2 Wakorintho 9:7). Ila elfu kumi ya bosi si yako, na ya petroli imekwisha kuungua. Hizo huzitolei zaka. Anza kuhesabu kwenye kinachobaki.

Nina presha, umri wangu 58. Mtumishi mmoja anasema nikimeza dawa ninaukiri ugonjwa, na ananiuzia maji ya upako, chupa shilingi elfu mbili. Nimeacha dawa wiki ya tatu sasa na najisikia vizuri. (Mama, Nakuru)

Mama, kesho asubuhi nenda kliniki wakupime, na uwaambie wazi kwamba uliacha dawa. Kujisikia vizuri si ushahidi. Presha mara nyingi haiumi popote, mtu hutembea nayo akicheka mpaka kiharusi kinapomwangusha.

Hezekia alikuwa na neno lililotoka kwa Mungu mwenyewe: ataongezewa miaka 15. Nabii Isaya alipomaliza kulitoa akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu la mfalme ndipo apone (Isaya 38). Ahadi ilikuwapo na dawa ikabandikwa, na hakuna aliyemwambia Hezekia kwamba ile tini inaukiri ugonjwa.

Kuhusu hiyo chupa, soma habari za Naamani katika 2 Wafalme 5. Alipotakaswa ukoma alimletea Elisha zawadi, Elisha akaapa kwamba hapokei kitu. Mtumishi wake Gehazi akamkimbilia mgeni nyuma kwa uongo, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Alipotoka mbele ya Elisha, ukoma wa Naamani ulikuwa juu yake. Neema haina bei, na anayeipachika bei anauza kitu kingine.

Nyinyi wa Kenya sina haja ya kuwakumbusha msitu wa Shakahola, huko Kilifi, ambako tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa. Kabla ya kufunga hadi kufa, watu wale walikwisha kufundishwa kwamba hospitali na shule si za Mungu.

Yesu alisema tusiisumbukie kesho. Je, kuweka akiba na kukata bima ya afya ni upungufu wa imani? (Mwalimu, Mbeya)

Hapana, kata bima. Yosefu alishauri moja ya tano ya mavuno ya Misri iwekwe kwa miaka saba ya shibe, na njaa ilipofika baba yake na ndugu zake walikula kwenye ghala hilo. Jangwani mana ya kulimbikiza ilitoa mabuu, lakini siku ya sita Mungu mwenyewe aliwaambia wakusanye ya siku mbili. Yule tajiri wa Luka 12 naye hakuitwa mpumbavu kwa kuwa alikuwa na ghala. Sikiliza hotuba yake: mavuno yangu, ghala zangu, nafsi yangu. Hakuna mtu mwingine mle ndani.

Mwanangu wa miaka sita ameniuliza kwa nini tunamshukuru Mungu kwa ugali wakati unga kanunua baba. Nilikwama. (Mama Neema, Iringa)

Mtoto ameuliza vizuri. Mwambie wote wanashukuriwa. Mwanzieni baba, rudini kwa mwenye mashine aliyesaga, kwa dereva aliyebeba magunia, kwa mkulima aliyepanda mvua za mwanzo zilipoanguka, kisha mwulize mvua kaileta nani. Atapenda mchezo huo, na kila siku ataongeza mtu. Muwekee kikomo tu, ugali usipoe.

Nilipunguzwa kazini mwaka juzi. Nimeomba, nimefunga, nimetoa mpaka akiba ikaisha. Kila Jumapili wenzangu wanashuhudia walivyobarikiwa. Nimechoka kusema Mungu ni mwema. Nina kosa gani? (Baba, Kimara)

Sioni kosa, kaka. Ungekuwa umeshindwa mtihani wa imani usingekuwa bado unaomba.

Eliya, aliyeshusha moto Karmeli, alikaa chini ya mretemu akamwambia Bwana kwamba yatosha, aichukue roho yake. Malaika alikuja na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwacha alale, akarudi mara ya pili na kumwambia ale, kwa kuwa safari ni kubwa kuliko nguvu zake (1 Wafalme 19). Tafuta mahali alipokemewa kwa kukata tamaa pale chini ya mti, hutapaona.

Paulo naye. Leso zilizogusa mwili wake ziliponya watu Efeso, lakini Trofimo, aliyesafiri naye, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Mwiba wake mwenyewe aliuombea mara tatu, akajibiwa kwamba neema yatosha, na mwiba ukabaki. Katika barua hiyohiyo kwa Timotheo anaagiza aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na anamtaka Timotheo afike kabla ya majira ya baridi. Mtume mzima yuko gerezani anasubiri koti, na koti halikuwa na njia nyingine ya kufika isipokuwa mtu alibebe.

Kuhusu shuhuda, hapa nasema langu. Makanisa yetu humpa kipaza sauti aliyekwisha kupata. Anayesubiri mwaka wa pili hatumwiti mbele, kwa hiyo kila anayesubiri hudhani yuko peke yake. Watunga Zaburi walikuwa na ujasiri kutuzidi. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari wa kufariji mwishoni, na imo katika Biblia hiyohiyo tunayoapia. Iombe hiyo kama maneno mengine yamekukwama kooni. Jumapili hii usiseme usichoweza kusema, waache wenzako waseme kwa niaba yako.

Lakini nina swali. Jumuiya yako inajua? Nawafahamu wanaume wanaovaa suti Jumapili, wakatoka ibadani wakichelewa makusudi ili wasionekane wanatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Wajane wa Matendo 6 waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku kulitokea manung'uniko, na mitume hawakusema waombe zaidi. Walichaguliwa watu saba wa kusimamia mgawo. Waambie wazee wawili wa kanisa, kwa maneno haya: sina kazi tangu mwaka juzi, ninachoweza kufanya ni hiki, namba yangu hii, na mwezi huu kodi ya nyumba imenishinda. Na kutoa mpaka akiba ikaisha, acha. Hukuwa unamlipa Mungu mafungu ya kwanza ya kazi mpya. Huo mkataba hakuuandika yeye.

Tumsifu Yesu Kristo. Niko Muscat, nafanya kazi za ndani. Mshahara karibu wote unakwenda nyumbani Tanga: ada ya mwanangu, dawa za mama, sasa mjomba anataka nimalizie kiwanja chake. Wananiandikia "toa utabarikiwa". Mkataba unaisha baada ya miezi minne na sina kitu. Nikikataa, nimemnyima Mungu? (Dada, Oman)

Milele na milele, dada. Mjomba si Mungu.

Wagalatia 6:2 inasema tuchukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Dawa za mama ni mzigo, mnasaidiana. Kiwanja ni furushi la mjomba. Tena Paulo alipokuwa akichangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, njaa ikiwa ya kweli, aliwaandikia Wakorintho kwamba hataki wengine wapate raha na wao wapate dhiki (2 Wakorintho 8:13). Kama hakuwabana kwa ajili ya wenye njaa, sembuse kiwanja.

Chagua mtu mmoja nyumbani, yule anayekuletea risiti, fedha zipitie kwake. Mtajie kiasi cha kila mwezi kabla mshahara haujaingia, maana ukishaingia simu zitaanza kulia. Picha za pasipoti na mkataba wako zitume kwa mtu unayemwamini. Mwezi huu lipa ada kwanza, kisha dawa za mama, kisha weka yako, hata kama ni riali chache, mahali ambapo hakuna ndugu anayepajua. Mjomba mwambie asubiri, na usimwahidi tarehe.