Pacha wangu mzima, mimi nina MS: jibu kwa aliyeuliza kama inarithiwa

Mkuu, umesema baba yako ana MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa neva za ubongo, macho na uti wa mgongo) na unataka kupima vinasaba ujue kama na wewe itakupata. Nina mwaka wa tisa na ugonjwa huu, na nina pacha wa kufanana, kwa hiyo swali lako limeninyima usingizi zamani.

Kwangu ilianzia kwenye jicho. Pacha wangu alivaa sweta jekundu. Nikifumba jicho la kushoto, naona wekundu wenyewe. Nikifumba la kulia, sweta lilelile limepauka kama lililosahaulika juani. Neva ya jicho ilikuwa imevimba, kinga ya mwili wangu inashambulia utando unaoifunika. Mwenzangu hadi leo hana hata ganzi ya kidole.

Baadaye tulipima vinasaba wote wawili. Hatari ileile, mstari kwa mstari. Akaniuliza, "Sasa karatasi ya mgonjwa ni ipi?"

Hapo ndipo nilianza kusoma. Kwa mapacha kama sisi, mmoja akiugua, wa pili huugua kama mara moja tu kati ya nne. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 ulihesabu zaidi ya sehemu 200 za DNA zinazoongeza hatari, na nyingi hazimo ndani ya jeni zenyewe. Ziko kwenye vipande vinavyoamua jeni ifanye kazi kwa kiasi gani, hasa katika seli za kinga. Maji ni yaleyale, koki ndiyo imelegea kidogo. Chukua IL7R, mojawapo ya jeni za kinga: tofauti ya herufi moja ya DNA hubadilisha namna ujumbe wake unavyokatwa na kuungwa, hivyo protini ambayo ingejishikiza kwenye seli hutengenezwa zaidi ikiwa inaelea nje. Na kichekesho ni kwamba herufi hiyo ya hatari ndiyo watu wengi wanayo! Hata HLA-DRB1*15:01, aina mojawapo ya jeni za kinga za kundi la HLA, inayoongeza hatari kama mara tatu, wengi wanaoibeba hawaugui kamwe.

Koki hizo huguswa na mambo ya nje pia. Virusi vya Epstein-Barr, ambavyo karibu kila mtu mzima anavyo, vina protini inayong'ang'ania nyingi kati ya sehemu hizo za hatari. Moshi wa sigara nao huongeza hatari, na zaidi kwa wenye HLA ya namna hiyo. Mimi nilivuta miaka kumi, pacha wangu hajawahi. Siapi kwamba ndiyo sababu, ila sisahau.

Kwa hiyo pesa ya kipimo kaa nayo. Mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa kama 2 hadi 3 kwa 100. Kama unavuta, acha. Ukiona jicho linafifia na linauma ukiligeuza, au ganzi inayodumu zaidi ya siku nzima, muone daktari wa neva na umwambie kuhusu baba.