Tanga–Pemba kwa ndege: kilometa ni 84, ila uliza kwanza ndege inapita wapi

Mkuu, umeuliza kutoka uwanja wa Tanga hadi uwanja wa Pemba ni umbali gani, na mama yako, ambaye miguu inamsumbua na feri haiwezi tena, atakaa angani muda gani akienda arusini Wete. Mimi kwetu Wete, maisha yangu yako Tanga, njia hii naipita mara kwa mara.

Umbali wa moja kwa moja ni kama kilometa 84. Ndege za huku mara nyingi ni Caravan, zile za injini moja zinazobeba abiria kumi na kitu, na mwendo wake ni kama kilometa 300 kwa saa. Kwa hesabu ya kalamu ni dakika 17. Ongeza kupaa na kujipanga kutua, weka dakika 20 hadi 25. Watu huogopa upepo wa kusi utawachelewesha. Kwenye masafa mafupi hivi, upepo unakula dakika mbili tatu tu. Kusi ni shida ya wanaovuka mkondo wa Pemba kwa chombo.

Kinachokula muda ni njia. Ndege hizi huunganisha vituo kama daladala: Dar, Unguja, Pemba, Tanga, kisha zinarudi. Ikitoka Tanga moja kwa moja Pemba, mama hatamaliza hata tasbihi yake. Lakini ikipangwa ipitie Unguja kwanza, angalia: Tanga–Unguja ni kama kilometa 125, Unguja–Pemba nazo kama 125. Kilometa 84 zimekuwa 250, na hapo katikati kuna kushusha, kupakia, pengine kujaza mafuta. Yameshanikuta. Tiketi imeandikwa Tanga–Pemba, tumefika uwanjani tunaambiwa leo tunazungukia Unguja, asubuhi yote ikaishia humo. Kwa hiyo kabla hujalipa, piga simu uulize: siku hiyo inakwenda moja kwa moja, au inatua wapi kwanza? Na siku moja kabla ya safari piga tena, maana ratiba hubadilika kufuata abiria.

Kuhusu mama mwenyewe. Mlango wa abiria uko nyuma kulia, ngazi yake fupi lakini nyembamba, na ndani huwezi kusimama wima. Waambie mapema wampe kiti cha karibu na mlango, na kijana wa uwanjani amshike mkono. Mizigo mara nyingi ni kilo 15 kwa mtu, begi laini, sanduku gumu linawasumbua kulipakia. Zawadi nzito za arusi zitangulize kwa feri.

Mkienda moja kwa moja, akae kulia. Mkishavuka miamba ya Tanga, bahari inageuka buluu nzito, maana mkondo ule ni wa kina kirefu sana, halafu kinatokea kisiwa cha Misali na mchanga wake mweupe. Mkikiona Misali, mwambie afunge mkanda, mnashuka.

Usisahau Wete iko kaskazini mwa Pemba, na uwanja uko upande wa Chake Chake. Hapo kuna mwendo wa gari wa karibu saa nzima, mrefu kuliko huko angani. Mwenyeji aje na gari awapokee uwanjani, mama asihangaike kubadilisha magari Chake.