Vyura, konokono na kinacholiwa kweli Ufaransa: jibu la mtu wa jikoni

Mkuu, umeuliza kama ni kweli Wafaransa wanaishi kwa vyura, konokono na kipande cha nyama cha ukubwa wa kidole katikati ya sahani kubwa, maana Septemba unakuja Lyon kusoma na unaogopa kufa njaa. Mimi kazi yangu ni jikoni, kantini ya shule ya msingi hapa hapa Lyon, kwa hiyo nakujibu kwa yale yanayopita mikononi mwangu kila siku.

Vyura tuwamalize kwanza. Inayoliwa ni miguu ya nyuma tu, inakaangwa kwa siagi na kitunguu saumu. Eneo la Dombes, kaskazini kidogo ya Lyon, lina mabwawa mengi na ndilo lenye jina kwa chakula hicho. Ila vyura wengi wanaoliwa nchi hii wanatoka Indonesia wakiwa wamegandishwa. Wenzangu jikoni wanakula mara mojamoja tu, tena wakitoka na familia. Konokono ni habari za Krismasi na Mwaka Mpya: wananunuliwa kwa dazani, wameshajazwa siagi, kitunguu saumu na majani, wewe ni kuwatia kwenye oveni mpaka siagi itokote. Kiukweli utamu uko kwenye siagi na mkate wa kuchovya. Konokono mwenyewe ni wa kutafunatafuna.

Na kile kipande cha nyama kwenye sahani kubwa ni mtindo wa mahoteli makubwa, ulishika kasi miaka ya 1970. Mfanyakazi wa kawaida hakijui zaidi ya kukiona kwenye runinga.

Sasa njoo kantini. Sinia ya mtoto wa miaka sita ina karoti za kukuna zilizokamuliwa limau, au bitiruti, au tango. Halafu chakula chenyewe, nyama au samaki na mboga. Halafu jibini au mtindi. Halafu tunda au keki. Mkate upo muda wote. Vinaliwa kwa mpangilio huo, na watoto wanaujua kuliko mimi nilivyoujua nilipoanza kazi. Ukisahau kumwekea mtoto jibini yake atarudi dirishani kuidai, uso umekunjwa, na haguswi na habari kwamba foleni ni ndefu. Ijumaa mara nyingi ni samaki, desturi ya Wakatoliki iliyobaki hata kwa watu wasiokanyaga kanisani.

Serikali nayo imo humo jikoni. Amri ya 2011 inasema mkate uwe wa kujichukulia, lakini chumvi, ketchup na mayonnaise havikai mezani, tunavitoa sisi kulingana na chakula cha siku. Vya kukaanga kwenye mafuta mengi vina kikomo: milo 4 kati ya 20. Tangu 2019 kuna mlo mmoja kwa wiki usio na nyama wala samaki. Na usishangae, mpaka 1956 watoto wa chini ya miaka 14 walikuwa wanaweza kupewa divai shuleni.

Chakula ambacho mimi ningekitaja mtu akiniuliza Wafaransa wanakula nini ni hachis parmentier, na sijawahi kukiona kwenye kadi ya posta. Nyama ya kusaga, zamani ilikuwa nyama iliyobaki jana, inakaangwa na kitunguu na kutandazwa chini ya trei. Juu yake unafunika viazi vilivyopondwa kwa maziwa ya moto na siagi nyingi kuliko utakavyoamini. Unanyunyizia jibini ya kukuna, unaingiza oveni. Ikitoka, pembeni imeshikana na trei na kuwa kahawia, na watoto wote wanataka cha pembeni. Jina linatokana na Antoine Parmentier, mfamasia wa karne ya 18 aliyehangaika kuwashawishi Wafaransa wale viazi wakati wengi waliviona ni chakula cha nguruwe.

Kingine ni blanquette, nyama ya ndama. Hapa Mtanzania ataumia. Nyama haikaangwi hata kidogo, inachemshwa polepole na karoti na liki, kisha mchuzi unafanywa mzito kwa siagi na unga, mwishoni unatiwa kiini cha yai na krimu. Unabaki mweupe pe! Hakuna bizari, hakuna pilipili. Kiungo kinachoonekana ni kitunguu kizima kilichochomekwa karafuu, na mpishi wetu mkuu anachomeka mbili, sufuria nzima, halafu kabla ya kupakua anakitoa na kukitupa. Nilimwambia kwetu Unguja karafuu zinaanikwa barabarani kwenye majamvi. Akaniuliza tunazifanyia nini zote hizo. Ila nikuambie, hiyo blanquette juu ya wali mweupe siku ya baridi ya Januari, acha kabisa.

Halafu kosa la watu wengi ni kudhani kuna chakula kimoja cha Kifaransa. Normandy na Brittany wanapika kwa siagi, kusini kule Provence ni mafuta ya zeituni, kusini magharibi wanapika kwa mafuta ya bata. Strasbourg utakuta kabichi iliyochachushwa na soseji, utadhani umevuka mpaka kwenda Ujerumani. Brittany wana galette za unga wa sarrasin, mbegu zinazosagwa kama nafaka, rangi ya kijivu, ambazo ni kama chapati za maji zilizokunjwa na yai na jibini ndani. Na vingine si vya kale kama vinavyojitia: tartiflette, ile ya viazi na jibini ya reblochon, ilienezwa miaka ya 1980 na wenye biashara ya jibini hiyo. Croissant yenyewe ina asili ya Vienna, Mwaustria August Zang ndiye aliyefungua jijini Paris duka la mikate ya Vienna mwishoni mwa miaka ya 1830. Asubuhi ya kazi watu wengi wanapaka siagi na jamu kwenye mkate wa jana, croissant ni ya Jumapili.

Lyon yako sasa. Huu ni mji wa utumbo, mkuu. Kuna tablier de sapeur, utumbo wa ng'ombe uliochovywa kwenye chengachenga za mkate na kukaangwa. Kama umekulia supu ya utumbo utajisikia nyumbani. Andouillette ni soseji ya matumbo, mara nyingi ya nguruwe, na harufu yake inafika mezani kabla ya mhudumu. Mimi ilinishinda. Mapishi haya yana heshima kwa sababu ya wanawake walioacha kupikia matajiri wakafungua migahawa yao. Mmoja wao, Eugénie Brazier, mwaka 1933 alipata nyota tatu za Michelin, kitabu kinachopima migahawa, kwa kila mmoja wa migahawa yake miwili. Mpishi maarufu Paul Bocuse alifundishwa kazi jikoni kwake.

Na usisahau couscous, chembe za ngano zinazopikwa kwa mvuke na kuliwa na mchuzi. Imeingia na watu wa Algeria, Morocco na Tunisia, na leo tunaipika kantini bila mtu kuona ni chakula cha wageni.

Mkate: baguette ina uzito wa takriban gramu 250, na ukiweza omba "tradition". Sheria ya 1993 inaitaka iwe unga, maji, chumvi na hamira, isiwe imegandishwa wala kutiwa dawa za viwandani. Mezani unawekwa juu ya kitambaa, pembeni ya sahani yako. Usiugeuze tumbo juu, wazee wanasema ni nuksi. Kufuta mchuzi wa mwisho kwa mkate nyumbani kwa watu ni sifa kwa aliyepika.

Kwa wewe Mwislamu: kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hujificha. Kinakatwa vipande vidogo vidogo na kuingia kwenye quiche (pai ya mayai na krimu), saladi, tambi, hata dengu. Divai imo kwenye mchuzi wa bœuf bourguignon, nyama ya ng'ombe ya kuchemsha polepole, na wenzake. Uliza kabla, wamezoea kuulizwa. Bucha za halali ziko nyingi mtaa wa Guillotière, na maduka ya Waafrika huko huko yana mihogo, ndizi na bamia, ingawa bei itakuuma kidogo.

Kula mchana kwenye kantini za chuo, bei yake ina ruzuku ya serikali. Migahawani angalia saa: chakula cha mchana ni saa sita mpaka saa nane. Ukiingia saa nane na nusu watakuambia jikoni kumefungwa, na hapo hakuna kubembeleza, hata ukiona wenyewe wamekaa wanakula.