Ukienda kukagua vinamasi vya Ireland, angalia mtaroni

Wewe uliyepata kibarua cha akiolojia kwenye vinamasi vya katikati ya Ireland, kanunue buti za mpira kwanza, ndefu na zinazokukaa sawasawa, maana zikikupwaya matope yatazivua yenyewe. Hilo la buti utaambiwa na kila mtu. Ninalotaka kukuambia mimi ni uangalie ukuta wa mtaro kuliko unavyoangalia uwanja.

Vinamasi vile vimejaa peati, yaani mimea iliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza. Shirika la serikali, Bord na Móna, lililoundwa mwaka 1946, lilichimba mitaro sambamba, mmoja kila baada ya mita 15 hivi, maji yakatoka. Kila kiangazi mashine zikawa zinakwangua utando mwembamba wa juu, unaachwa ukauke, kisha unakusanywa kwenda kuchomwa kwenye vituo vya umeme. Kwa hiyo juu ya uwanja utakuta vumbi la kahawia na vibanzi vilivyosagwa, usijue vilikuwa nini. Kwenye ukuta wa mtaro ndiko miti ya kale inakochungulia, ikiwa bado imelala palepale ilipowekwa.

Si kila mti una maana. Mizizi na magogo yaliyojiangukia ni mengi mno, na siku za mwanzo yatakuchosha. Mwagia ncha maji kidogo, isafishe taratibu kwa vidole, utafute alama za shoka. Ndani ya peati hakuna hewa, kwa hiyo alama hizo hubaki wazi kiasi kwamba mtaalamu anaweza kutambua kama shoka lilikuwa la shaba nyeusi au la chuma. Ukiona fito zimelala pamoja, chukua vipimo, kisha vuka uende mtaro wa pili na wa tatu. Zikitokea tena kwenye mstari uleule, hapo huenda umepata njia, yaani barabara ya miti waliyoilaza watu wa kale ili wavuke kinamasi.

Njia maarufu kuliko zote ni ya Corlea, kaunti ya Longford, aliyoichimba Barry Raftery wa University College Dublin kuanzia miaka ya 1980. Ni ya mbao nzito za mwaloni, na pete za miti zimeonyesha kwamba ilikatwa mwaka 148 kabla ya Kristo. Kipande cha mita 18 kimehifadhiwa ndani ya jumba palepale. Kione kabla hujaanza kazi, jicho lizoee.

Halafu kunywa chai na madereva wa mashine. Mwili wa kale wa Cashel, kaunti ya Laois, wa yapata miaka 4,000, uligunduliwa mwaka 2011 na mwendesha mashine. Sisi wenye daftari tulifuata nyuma.

Januari 2021 Bord na Móna ilitangaza kwamba imeacha kabisa kuvuna peati, na sasa mitaro inazibwa ili maji yarudi. Kwa mbao zilizobaki chini hiyo ni nafuu kubwa, kwani zikikauka hupasuka na kuoza. Ila ukuta ukishafunikwa na maji hutausoma tena, kwa hiyo ukaguzi utangulie.

Usichomoe kitu kwa sababu tu kimelegea: kuchimba kunahitaji leseni ya serikali. Na kile kifaa cha kutafutia metali, kiache nyumbani. Kutafuta vitu vya kale kwa kifaa hicho bila kibali ni kosa la jinai.