Jibu: Mbona kwenye mchezo wa sanamu wa vita vya Tanga 1914, Mwingereza anashinda kila mara mezani?

Mkuu, kwa kipimo cha sanamu 1 kwa askari 50 umeweka 160 za Mwingereza dhidi ya 20 za Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani. Idadi hiyo ni sahihi. Kinachokuharibia ni macho: mchezaji wa Mwingereza anaona meza nzima, wakati tarehe 4 Novemba askari wake walipenya mashamba ya mpira na mkonge kutoka Ras Kasone bila kuona mbele.

Ndani ya shamba, mwisho wa kuona uwe sentimita 15. Vikosi vya Mjerumani weka kama vibao vilivyofunikwa, viwili vikiwa vitupu, na kampuni moja ibaki nje mpaka zamu ya 5, iingilie ubavu wa kushoto wa Mwingereza. Hapo ndipo vita vilipogeuka.

Ari usigawe sawasawa. Upande wa Mwingereza, vikosi vya North Lancashire na Kashmir Rifles walifika mjini, wape 4+ kwenye dadu (wakitupa 4 au zaidi, hawavunjiki). Kikosi cha Kihindi cha Palamcottah wa 63 walivunjika mapema, wape 6 tu.

Siku ile nyuki waliochokozwa na risasi waliuma pande zote mbili, na mezani iwe hivyo! Bombomu (bunduki ya rashasha) ikifyatua ndani ya sentimita 10 kutoka mzinga wa nyuki, kila kikosi kilicho karibu, hata cha Mjerumani, kipoteze zamu. Mizinga mitatu inatosha; ukizidisha, nyuki ndio watakaopigana.