Kipimo cha malaria hakitaonyesha sonona

Fundi seremala wa Keko akiacha kitanda cha mteja kimerandwa nusu, watu humwita mvivu. Hali ikiendelea mwezi wa pili, husema amerogwa. Mdogo wangu alisemwa yote mawili. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema kwamba ana huzuni. Alilalamikia kichwa, uzito wa mabega, na kuamka saa tisa usiku akikodolea macho dari mpaka adhana ya alfajiri. Zahanati za mtaani zilimpima malaria na taifodi, zikampa dawa, na baada ya siku chache hali ikawa ileile.

Wagonjwa wengi wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kupoteza hamu ya mambo, hapa Dar es Salaam hupita njia hiyo, kwa kuwa unaopelekwa hospitali ni mwili, na mhudumu mwenye foleni ndefu hutibu kile alichoambiwa. Kwa hiyo unapomsindikiza ndugu yako, usiishie kwenye maumivu ya kichwa: eleza pia usingizi wake, anavyokula, na mambo aliyokuwa akiyapenda ambayo sasa hayagusi. Mimi nilitaja kwamba hakuwa akiulizia hata matokeo ya Yanga, na hapo ndipo daktari alipoweka kalamu chini na kuanza kuuliza upya.

Sonona haithibitishwi kwa kipimo cha damu. Hutambuliwa kwa mazungumzo. Kigezo kinachotumika sana kinataka dalili zisizopungua tano kati ya tisa, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na mojawapo lazima iwe huzuni isiyoondoka au kupoteza hamu ya mambo. Nyingine ni mabadiliko ya usingizi, ya hamu ya kula au uzito, uchovu, kushindwa kumakinika, kujiona huna thamani, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kifo. Dodoso la PHQ-9 huuliza mambo hayohayo, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla inayofika 10 humfanya daktari achunguze zaidi. Damu huchukuliwa pia, kwa kuwa upungufu wa damu, au tezi ya thairoidi (iliyo shingoni) inayofanya kazi chini ya kiwango, huweza kuleta dalili zinazofanana.

Swali moja nilielekezewa mimi: je, amewahi kupita kipindi cha kulala saa chache bila kuchoka, akizungumza kwa kasi na kutapanya fedha? Lilinishangaza, lakini lina uzito kuliko yote, kwani kipindi hicho huweza kuwa ishara ya baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kawaida, na dawa za sonona zikitolewa peke yake zinaweza kupandisha hisia za mgonjwa huyo kupita kiasi. Ipo pia sonona hafifu inayodumu miaka 2 au zaidi, ambayo watu huiona kuwa ndiyo tabia ya mtu, na ile ya baada ya kujifungua, ambayo mama huambiwa ni uchovu wa kulea.

Kuhusu chanzo, ndugu hupenda kupata kimoja cha kunyooshea kidole. Urithi, msiba, madeni, pombe na maradhi sugu huchangia, mara nyingi kwa pamoja, na wakati mwingine hakuna tukio lolote la kutaja. Mama yetu aliendelea na dua zake, nami sikuona ubaya, ilimradi kidonge cha asubuhi hakikurukwa. Dawa za sonona kama fluoksetini huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na kwa kawaida huendelea kwa miezi 6 au zaidi baada ya mtu kupona, kwa hiyo asiiache bila kumwona daktari.

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa sumu za wadudu na dawa nyingi nyumbani, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, lakini usikae nyumbani kusubiri rufaa ya huko: anzia hospitali za Amana, Mwananyamala au Temeke, na ikiwa ni usiku ingia moja kwa moja kitengo cha dharura.