Gego la utotoni limetoboka: ling'olewe au livishwe kofia?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka mitano. Gego lake la chini kushoto, lile la mwisho, limetoboka na chakula kinanasa humo, ila haliumi usiku. Daktari wa meno ameshauri livishwe kofia ya chuma, bila kuchonga na bila sindano ya ganzi. Bibi yake anasema hilo ni jino la utotoni tu, ling'olewe, litaota jingine. Nami naogopa: uozo ukifunikwa, si utaendelea kula ndani kwa ndani? (Mama, Morogoro)

Jibu: Marahaba, mama. Ni kweli litaota jingine, lakini si leo wala kesho. Gego hilo hudumu mpaka miaka 10 hadi 12. Na mwanao akikaribia miaka sita, gego lake la kwanza la ukubwani litachomoza nyuma yake tu, pale ambapo sasa ni fizi tupu. Hilo bovu ndilo linaloliongoza njia. Ukiling'oa mapema, gego jipya litasogea mbele kwenye pengo, na jino linalosubiri chini litakosa pa kutokea. Watoto wengi ninaowaona na meno yaliyopandana walianzia hapo.

Kuhusu uozo, bakteria wanaotoboa jino wanaishi kwa sukari inayopita mdomoni. Kofia hupakwa simenti ndani, ikasukumwa mpaka ukingo wake uzame kidogo kwenye fizi. Chakula hakiingii tena, bakteria wanakosa lishe, uozo unasimama. Hii ni njia ya Hall, jina la Norna Hall, daktari wa meno wa Scotland aliyewavisha watoto hivyo kwa miaka mingi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006.

Siku chache kabla, huenda akawekewa vipira vidogo kati ya meno ili kofia ipate nafasi. Siku yenyewe ataambiwa aing'ate mpaka ishuke. Fizi itapauka pembeni, kisha rangi itarudi. Jioni hiyo atakwambia meno ya upande wa pili hayakutani, na ni kweli hayakutani. Usiogope. Mpe vyakula laini. Baada ya wiki chache yatakuwa yamekaa sawa. Kofia itakuja kutoka pamoja na jino lenyewe.

Lakini akianza kuamka usiku kwa maumivu, au ukiona kijipu kwenye fizi, au jino linacheza, kofia peke yake haitoshi. Hapo uozo umefika kwenye mshipa. Atahitaji kutibiwa kiini cha jino, au kung'olewa kweli. Liking'olewa, muulize daktari kuhusu kifaa cha kushikilia nafasi.

Kila usiku mpige mswaki wewe mwenyewe, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, ateme bila kusukutua. Baada ya hapo ni maji tu, si uji wala juisi. Na siku ya kofia, mwombe daktari alitazame pia gego la kulia, maana mara nyingi mawili hayo huoza pamoja.